Unga wa Hamisi Umerudi Newala

Msinionee huruma. Mimi ndiye niliyemtupa mdogo wangu Dar es Salaam, na nilimtupa nikiwa nimekaa kwangu Newala, nabangua korosho.

Wazazi wetu walipokufa niliacha shule nikawalea wadogo zangu, Hamisi na Zuhura. Hamisi alipokua akaenda zake mjini. Bibi yetu akafa, hakuja. Nikaapa mbele ya ukoo mzima: "Hakumzika bibi, na mimi simziki!" Wakanisifu eti nina msimamo. Msimamo! Hata kisiki kina msimamo.

Siku ikafika. Simu kutoka mochwari ya huko mjini.

"Shikamoo mama. Hamisi ni mwanao? Amefariki. Kwenye simu yake umeandikwa Mama."

"Mimi sijazaa. Mtafuteni huyo mama yake!"

Nikakata. Nikaendelea kubangua.

Manispaa ikamzika.

Mwaka huu Zuhura kajifungua mvulana, akataka apewe jina la mjomba wake. Kwetu jina la marehemu halichukuliwi hivi hivi. Mkubwa wa nyumba humwaga unga wa mtama kichwani mwa kaburi, akamwambia mwenyewe kwamba jina lake linarudi nyumbani. Mkubwa ni mimi. Nikafunga unga kwenye kanga, nikapanda basi la Dar es Salaam.

Yale si makaburi, ni jalala! Mji wenye maghorofa vile, maskini wake unawafukia kama viazi. Magugu, chupa, mbuzi. Hakuna hata kibao. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa anaanika nguo vichakani, wale waliozikwa na manispaa wako wapi.

"Umesimama juu yao."

"Namtafuta mdogo wangu, nimwagie unga huu."

Akanitazama toka kichwani hadi miguuni. "Leo ndiyo unamtafuta? Haya, mwaga popote, dada. Mwenye njaa atakula."

Nilitaka kumtukana. Ningemtukana kwa lipi?

Sikumwaga. Ningeita Hamisi, angeitika nani?

Zuhura alinipokea kifurushi mlangoni, akakipima mkononi.

"Dada, mbona kizito vile vile?"

Na wale walionisifu? Sasa wanapita barazani kuniuliza eti ndugu yangu nilimwachaje. Wanafiki wakubwa! Mtoto ameanza kutambaa, na bado tunamwita Mtoto.

Wewe mwenye msimamo kama wangu, simu ikija, nenda. Mtukane marehemu wako njia nzima mpaka nyumbani ukitaka. Lakini rudi naye.