Fainali Aliyotuomba Tuimalizie

Mwamuzi wetu wa besiboli amefariki dunia. Habari zilinifikia Jumapili tukitoka kanisani, na kabla sijavuta pumzi, jirani mmoja wa Malvern akaniuliza, “Sasa ile mechi itakuwa namna gani?” Mtu hajazikwa, yeye anauliza habari za kombe!

Kwa wasioijua, ilikuwa fainali kati ya Malvern na Troyeville, timu za mitaa miwili ya Johannesburg, majirani wasiopikika chungu kimoja. Marehemu alikuwa Mtanzania aliyemfuata huku mkewe, Msauzi aliyekulia uhamishoni Morogoro. Alikuwa amekaa Johannesburg miaka mingi, akazoea ardhi kutikisika kwa sababu ya migodi ya zamani, hata kikombe cha chai alikuwa hakiweki chini. Basi mwisho wa mechi, timu zikiwa sare, mkimbiaji wa Troyeville akisubiri kwenye kituo cha tatu, ardhi ikatetemeka. Malvern, ambao wengi wao ni watu wa Goma, mji wa Kongo wenye volkano na matetemeko, wakatupa glavu na kulala kifudifudi. Mwamuzi akapiga kelele, “Eish, ni migodi tu hiyo, chezeni!” Mkimbiaji akatembea taratibu hadi kituo cha nyumbani, na kwa kuwa mwamuzi hakuinua mikono kusimamisha mchezo, pointi ikahesabiwa. Troyeville wakabeba kombe. Jioni redio ikasema lilikuwa tetemeko la kweli, lisilohusiana na migodi.

“Udongo ikitikisika huulizi, papa, unalala chini!” nahodha wa Malvern alimfokea kwa Kiswahili cha Goma. Marehemu hakubisha. Alikwenda kwa timu zote mbili, akakiri kwamba amekosea, akaomba warudi uwanjani wamalizie pale walipoachia. Dakika chache tu. Troyeville wakasema kombe likishabebwa halirudi. Malvern wakasema hawachezi mpaka Troyeville wawaombe radhi. Mambo ya kitoto kabisa, na wenye ndevu ndio waliokuwa mbele! Niliandika kwenye ukurasa huu huu kuwasihi, nikaambulia matusi. Hata alipolazwa, kila nilipokwenda kumwona aliniuliza kama wamekubaliana. Nilichoka kumjibu bado.

Juzi msibani manahodha wote wawili wakasimama, machozi yakiwatoka, wakatangaza kwamba Jumamosi baada ya mazishi wataimalizia ile mechi kwa heshima yake. Watu wakapiga makofi. Mjane wake alikuwa ameketi mkekani. Akainua uso, akawauliza polepole, “Kumbe mlikuwa mnaweza?”

Mimi Jumamosi siendi. Nimechoshwa na heshima zetu za makaburini, za turubai na vipaza sauti, wakati mgonjwa alikuwa akitazama mlango. Kama kuna mtu anakuomba jambo dogo, mfanyie leo, ukiwa bado umenuna hivyo hivyo. Akishakufa, unajifurahisha mwenyewe tu.