Nilitafsiri "kanidhalilisha" vibaya Birmingham, na mama wa Kizanzibari akanifundisha kazi

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara nne, leo naumaliza. Nitakayosema ni ya kweli, pamoja na yale yanayonichora mimi mwenyewe. Mhusika mkuu ameniruhusu kwa sharti moja tu, nisimtaje jina. Tumwite Bi Zuhura.

Mods, kama nimekosea jukwaa hamisheni taratibu, msifute.

Katikati ya miaka ya 2000 nilikuwa Birmingham, nimepanga chumba Harborne. Kazi yangu ilikuwa care, kuogesha wazee wa watu. Siku za off nilikuwa interpreter wa Kiswahili kupitia agency. Mimi ni mtu wa Morogoro, Kiswahili nimekinyonya, na niliamini hakuna neno la kunipiga chenga. Kiburi cha bara hicho, mtanisamehe.

Siku moja agency wakanipigia. Kuna mama wa Kizanzibari anakaa Castle Vale, ana lalamiko dhidi ya mtu wa physio, tiba ya viungo, aliyekuwa akimtibu bega. Niende ofisi ya charity moja ndogo inayosaidia wagonjwa waliotendewa vibaya na wahudumu wa afya. Niliambiwa hayo tu.

Nikamkuta Bi Zuhura amekaa wima, baibui limenyooka, mkoba mapajani. Ni wa umri wa mama yangu mzazi. Nikampa shikamoo, akaitikia na kuniuliza kwetu wapi. Nilipomjibu akasema, "Haya, bara. Si neno, tutasikilizana."

Hatukusikilizana, ila hilo tulikuja kulijua baadaye.

Aliyetupokea anaitwa Maureen, mama wa Kizungu mzaliwa wa pale pale, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Sasa watu wa Birmingham wana neno lao la kumwita mtu kwa upendo, "bab". Maureen akasema, "Sit yourself down, bab." Bi Zuhura akanigeukia, "Ananiita baba?"

Nikamweleza, akacheka kidogo. Siku ile hakucheka tena.

Kabla ya kuanza akaniomba kitu. Mwanawe wa kike, ambaye amezaliwa hapo hapo Birmingham, anaelewa Kiswahili lakini anajibu kwa Kiingereza. Angeweza kuja kumtafsiria mama yake bure. Bi Zuhura hakutaka ajue chochote. "Ndiyo maana nikaomba mtu baki," akasema. Nikamwahidi siri yake haitatoka.

Akasimulia. Mara mbili za mwanzo yule bwana alimnyoosha bega vizuri tu. Mara ya tatu akavuta pazia. Hapo Bi Zuhura naye akavuta mtandio wake mpaka kidevuni, akasema, "Kanidhalilisha."

Nikatafsiri, "He humiliated me."

Maureen akasimamisha kalamu, akaomba nimuulize alimdhalilisha vipi. Bi Zuhura akatazama dirishani. "Mengine hayasemeki. Kanidhalilisha, basi."

Mimi nikasema, "That's all. He humiliated me."

Someni tena hapo, wakuu. "Hayasemeki" niliiacha mezani kama mtu aliyesahau mwavuli. Maureen alinitazama kwa muda, halafu akaandika nilichosema. Wana sheria yao pale, hawamwekei mgonjwa maneno mdomoni. Akasema tu kwamba upo mfuko wa kulipia counselling, yaani ushauri nasaha, na atapeleka karatasi zetu kwenye panel inayoamua.

Sasa mjue kwa nini ile counselling ilikuwa ni suala la uhai.

Tangu siku ya lile pazia, Bi Zuhura hakumruhusu mhudumu wa afya yeyote amguse. Na ana sukari. Kliniki ya miguu haendi, ya macho haendi, presha haipimwi. Alikuwa na kidonda kwenye kidole cha mguu anachokifunga mwenyewe kwa kitambaa cha kanga. Wenye wagonjwa wa sukari nyumbani mnajua kidonda kama hicho huishia wapi. Foleni ya counselling ya kawaida ilikuwa ndefu, na yenye mkalimani wa Kiswahili ndiyo usiseme. Bila counselling asingekubali kuguswa tena, kwa hiyo kama panel ingekataa, mguu ule ungekwenda.

Panel ikakataa.

Barua ilipofika akaomba nije nimsomee nyumbani kwake, saa ambazo mwanawe yuko kazini. Akaniwekea chai ya tangawizi na visheti. Nikafungua bahasha, nikaanza kumtafsiria kwa sauti ya kikazi kabisa. Wanasema wamesikitika sana kwamba hukutendewa kwa heshima. Hata hivyo mfuko huu ni wa wagonjwa waliofanyiwa vitendo vya ngono na wahudumu wa afya, kwa hiyo lalamiko lako...

Nikakwama hapo hapo.

Bi Zuhura akaweka kikombe chini. "Mwanangu, kwani weye uliwambia nini?"

"Niliwaambia amekudhalilisha."

"Ndiyo. Kwa Kizungu umesemaje?"

Nikamwambia. Akauliza humiliate ni nini. Nikasema ni kumshusha mtu, kumtukana mbele za watu, kumfanya ajione si kitu.

"Huko kwenu mtu akidhalilishwa ndiyo katukanwa?"

"Ndiyo, Bi."

"Sie kwetu mwanamke akisema kadhalilishwa, hapana anayemuuliza vipi."

Kumbe kwao neno lile ni la vitendo vya ngono. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo yananikaa kifuani. "Nami nikikutazama siku ile najiambia, huyu mtoto jasiri, kasikia yote wala uso haujamgeuka. Kumbe hujasikia."

Nililia, wakuu. Nililia mpaka yeye ndiye akawa ananipa kitambaa, mgonjwa anambembeleza mkalimani.

Niliahidi ukweli, kwa hiyo niongeze hili. Tofauti ya bara na visiwani ni kweli ipo, lakini isiwe kichaka changu cha kujifichia. Ule mtandio niliuona ukivutwa. Lile neno "hayasemeki" nililisikia. Kuna sehemu yangu ilishajua, ikaona aibu kumuuliza mtu mzima mambo hayo, ikachagua neno jepesi. Adabu tuliyofundishwa nyumbani ni nzuri, ila siku ile niliitumia kujikinga mimi, si kumsitiri yeye.

Nilimwambia hivyo hivyo. Nikamwambia pia nitampigia Maureen na agency niseme kosa ni langu. Akaniuliza, "Hutofukuzwa kazi?" Nikasema inawezekana. Akatikisa kichwa, akafuta mikono.

"Basi keti. Nimeyasema mara moja nikadhani nimeyatua. Nitayasema tena. Uandike kama nnavyosema, na usinistahi."

Akasema yote kwa majina yake. Sitayaandika hapa, yapo kwenye karatasi yanakostahili kuwa. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Nilipofika pagumu niliuliza, naye alijibu. Alipomaliza akaniagiza nimsomee kutoka mwanzo, akasahihisha sehemu mbili, akatia sahihi.

Mimi nimeona watu majasiri. Sijaona mwingine aliyejikusanya kusema kitu kama kile, akaharibiwa na mzembe, kisha akajikusanya upya mchana ule ule alioujua uzembe huo, na chai haijapoa.

Maureen nilipompigia hakunifokea. Aliniuliza maswali matatu, akaniambia niandike kosa langu kwenye ukurasa mmoja nitie sahihi, na akabeba karatasi zote mbili kwa mkono wake mpaka kwenye panel. Baadaye alikiri kwamba siku ile ya kwanza alihisi, na hakulala vizuri kwa kutouliza mara ya pili. Watu kama yule dunia inawahitaji zaidi, ndivyo ninavyoamini.

Agency wakaniweka benchi. Nilistahili.

Panel ikabadilisha uamuzi. Counselling italipiwa yote, na mkalimani juu. Agency wakampangia dada mwingine, mzuri, mwenye vyeti kunizidi. Bi Zuhura akakataa, akamtaka yule wa mwanzo. Walipomuuliza sababu, Maureen ndiye aliyenisimulia jibu lake: "Huyo mwengine hajakosea bado. Yule kishakosea, sasa atauliza."

Ndivyo nilivyotoka benchi. Kila wiki tulipanda basi halafu treni mpaka Sutton Coldfield, kwenye kichumba cha counsellor chenye viti vitatu. Nikikutana na neno ninalolitilia shaka, nasimama, naomba radhi, nauliza. Mwanzoni ilinitia aibu. Baadaye ikawa ndiyo kazi yenyewe.

Ilichukua miezi. Kuna siku alitoka mle hasemi na mtu mpaka kwake. Kuna siku alinitania njia nzima kuhusu Kiswahili cha Morogoro. Kisha asubuhi moja akanipigia, "Twende huko kwenye miguu."

Kwenye kliniki nesi akachuchumaa mbele yake, akavaa gloves, akauliza, "May I touch your foot?" Nikafungua mdomo nitafsiri. Bi Zuhura akaniinulia kiganja ninyamaze.

Akamjibu mwenyewe, "You ask me. Good. Touch."

Kidole kilipona, wakuu. Anatembea nacho mpaka leo.

Nilichojifunza ni kwamba kuelewana lugha hakutoshi, na aibu ya mkalimani inaweza kumgharimu mtu mguu. Ukiwa unamsemea mtu hospitalini, polisi au ofisini, awe mama yako au jirani, muulize, "Kwenu neno hili lina maana gani?" Uliza hata kama unajiona unajua. Na kama yalikukuta wewe, ukajaribu kusema usieleweke, pengine tatizo halikuwa kwako. Sema tena, kwa mtu mwingine ikibidi.

Sasa nawaomba kitu. Andikeni hapo chini, kwenu mnatumia neno gani kwa jambo hili? Mombasa, Goma, Tanga, Kigoma, Lamu, popote mlipo. Mkalimani mwingine akipita humu ayakute.

Bi Zuhura amesema anataka majibu yote asomewe, aone na sisi wa bara tuna neno gani. Atakayemsomea ni mwanawe. Ndiyo, huyo huyo. Mama yake alimwambia yote mwenyewe, kwa Kiswahili, na mtoto kwa mara ya kwanza akajibu kwa Kiswahili.