Mstari Mmoja wa Sista

Saa moja na robo asubuhi, Sista Mstari anamimina vidonge kwenye trei ya plastiki na kuvihesabu kwa ncha ya kijiko. Mbele yake ameketi bibi mmoja, mkoba mapajani, akimtazama kama mwanafunzi anayesubiri daftari lake lisahihishwe. Ni bibi huyo aliyemruhusu mwandishi wa makala haya akae kwenye kona.

"Saba," anasema Sista.

"Si nilikwambia? Mimi kwenye dawa sina mchezo."

Hesabu imetimia: alipewa vidonge thelathini na vitano, kimoja kwa siku, na zimepita siku ishirini na nane. Sista anaandika 7 kwenye fomu. Kisha anamfunga bibi mkanda wa kupimia presha, anasoma, anakunja uso, anapima tena. Presha imepanda kupita ilivyokuwa mwezi uliopita.

Chumba hiki cha utafiti wa dawa ya presha, mwisho wa korido ya hospitali, Sista anakijua kila pembe. Miaka kumi na tisa iliyopita alikuwa akikipiga deki. Alifanya usafi hapa miaka saba, akisoma jioni vitabu vilivyochakaa alivyoviokota kwenye maboksi ya wauguzi.

"Mume wangu alisema nyumba imegeuka stoo," anasimulia. "Lakini ndiye aliyekuwa akinishikia taa umeme ukikatika."

Mtihani wa uuguzi aliufeli mara mbili. Akajikaza kisabuni, na mara ya tatu akafaulu, akiwa na miaka thelathini na minne.

Jina lake la utani lilitokana na kosa. Wiki ya kwanza tu alipohamishiwa kwenye utafiti, aliimwagia chai fomu ya mgonjwa. Kwa mazoea yake ya usafi, akainakili upya kwa mwandiko mzuri, ile chafu akaitupa, kisha ile mpya akampelekea daktari mkuu wa utafiti huku akitabasamu.

"Akaniuliza, 'Ya mwanzo iko wapi?'" anakumbuka, akicheka mpaka machozi. "Nikamwambia, 'Nimeshasafisha, daktari!' Tukaenda sote wawili kupekua pipa la taka."

Siku hiyo alijifunza kwamba katika utafiti kosa halifutwi. Linakatwa kwa mstari mmoja, liendelee kusomeka, kisha pembeni unaweka sahihi na tarehe. Tangu hapo amewasumbua wenzake kwa mstari wake mpaka wakambatiza hivyo.

Kesho wakaguzi wanakuja kupekua majalada ya wagonjwa wake wote mia moja na themanini. Wakiridhika, yeye ndiye atakayekuwa msimamizi wa utafiti. Wala hafichi kwamba anaitaka nafasi hiyo.

"Kiti kile nimekifuta vumbi miaka saba," anasema. "Sasa nataka kukikalia."

Anafungua mkanda mkononi mwa bibi, polepole.

"Bibi yangu, niambie ukweli. Dawa unakunywa?"

Bibi anatazama dirishani. Halafu anafungua mkoba na kutoa leso iliyofungwa fundo. Ndani mna vidonge kumi na vinne.

"Vinanipa kizunguzungu, mwanangu. Juzi nusura nianguke bafuni. Basi leo nakunywa, kesho naruka. Ila nilisikia kesho mnakaguliwa, nikasema nisije nikakutia aibu."

"Kwa hiyo ulikuwa unanisaidia."

"Si unajua ninavyokupenda?"

Macho ya Sista yamelowa. Fomu mpya zimejaa droo, na pipa la taka liko miguuni pake.

"Kishawishi kilinijia, kwa nini nidanganye?" atakiri baadaye. "Lakini kizunguzungu cha bibi ndicho tunachokitafuta hapa. Nikikificha, kesho mwingine ataanguka kweli."

Anaikata ile 7 kwa mstari mmoja. Anaandika 21, sahihi, tarehe, na maelezo yote kama bibi alivyoyasema. Kisha anamwita daktari, ambaye anamchunguza bibi na kumbadilishia matibabu siku hiyohiyo.

Daktari anautazama ukurasa kwa muda mrefu. "Miezi kumi jalada hili halina doa, na leo ndiyo siku uliyoichagua?"

"Au nimwambie bibi arudi keshokutwa?"

Daktari anashindwa kujizuia kucheka. "Ukurasa huu nitawafungulia wakaguzi mimi mwenyewe."

Apate kiti au asipate, Sista ameshajaza fomu za kuomba kusomea shahada. Akihitimu, anataka kufanya utafiti wake mwenyewe, na swali analo tayari: kwa nini mgonjwa humficha ukweli muuguzi anayempenda?

Bibi, aliyekwisha kufika mlangoni, anarudi na kuketi.

"Huo utafiti wako, niandike mimi wa kwanza."

"Nitakuandika. Ila usinisaidie tena."

Bibi anafikiri kidogo.

"Basi ongeza hapo. Vingine viwili viko nyumbani, chini ya mto."

Sista analifungua tena jalada na kuchukua kalamu.