Sahani Haikurudi Tupu

"Sitaki salamu, Toyoji. Nataka sahani yangu!"

Bi Fusae alikuwa amesimama langoni kwa jirani yake, mikono kiunoni. Nyuma yake kundi la wageni kutoka Osaka, kamera shingoni, walijifanya wanatazama milima.

"Sahani ipo, Bi Fusae," Mzee Toyoji alijibu kutoka barazani. "Haijavunjika."

"Sikuuliza kama imevunjika. Iko kwako tangu micheri ilipochanua maua, na sasa majani yanapukutika. Imehamia? Imeolewa?"

Wageni wakaangua kicheko. Mzee Toyoji akajirudisha ndani kama kobe, akaziacha kaki zake, yale matunda ya rangi ya chungwa, zikining'inia chini ya paa, zimetungwa kwenye kamba, zimemenywa vibaya kana kwamba aliyezimenya alikuwa na ugomvi nazo. Mama mmoja mnene akazipiga picha.

"Twendeni," akafoka Bi Fusae. "Mmekuja kuona maporomoko ya maji au kuona uvungu wa paa la mtu?"

Hakuna aliyemtuma kuongoza wageni. Basi la abiria huishia hapo kijijini Hinokubo, na zamani kila mtu alijipandia mlimani mwenyewe. Siku moja akamkuta kijana wa watu amepiga magoti mbele ya mfereji wa kumwagilia mpunga, anaupiga picha, machozi yanamlengalenga, akidhani ndiyo maporomoko yenyewe. Bi Fusae akamwonea huruma, akamshika mkono. Tangu hapo imekuwa kazi yake, na kukaripia ndiyo mshahara wake. Viatu gani hivyo, mama, unakwenda harusini? Usikanyage kuvu hilo, lina umri mkubwa kuliko babu yako. Usiupigie mlima kelele, si kiziwi. Watu hurudi mwaka wa pili kukaripiwa tena.

Wakifika juu huwaandalia figili za kuchachusha. Zamani aliziweka kwenye sahani ile, pana, ya buluu, aliyopewa na mama yake siku ya kuolewa. Sasa zilikaa kwenye sinia la bati lenye picha ya paka. Wageni walimpiga picha paka zaidi kuliko maporomoko, naye akanuna.

Ila tusimsingizie: sahani haikuwa kidonda chenyewe. Kinue, mke wa Toyoji, alipofariki, Bi Fusae alimpelekea mjane huyo machipukizi ya mianzi yaliyopikwa vizuri, juu ya sahani hiyo. Na Hinokubo chombo cha jirani hakirudi kitupu. Miaka yote Kinue alikirudisha na maharage, au mkate wa mchele. Toyoji yeye hajui kupika ila maji, na hayo nayo huyaunguza. Basi akabaki na sahani, akabaki na aibu, na akimwona Bi Fusae njiani anageuka kama mtu aliyesahau jembe shambani.

Hilo ndilo lililomuuma. Upande huu wa mto zilibaki nyumba mbili tu zenye moshi, yake na ya Toyoji. Akimpoteza huyo, atagombana na nani?

Waliposhuka kutoka maporomokoni, wakamkuta Mzee Toyoji darajani. Amevaa koti lake la msibani, mikononi ana kitu kimefunikwa kitambaa.

"Chukua," akasema, macho yakiwa mtoni.

Bi Fusae akafunua. Sahani ya buluu, na juu yake kaki zilezile zenye makovu.

"Nimezimenya mwenyewe," Toyoji akasema. "Nilitaka zipigwe na upepo mpaka zikauke sawasawa. Lakini wewe umenitangaza mpaka Osaka."

Bi Fusae akazitazama. Kaki za kijiji chao huwa kali. Mpaka zinyauke na kuota unga mweupe ndipo zinapokuwa tamu. Hizi zilikuwa bado laini na zinang'aa. Na aliyeziharakisha alikuwa yeye mwenyewe, na mdomo wake.

Akachukua moja, akaing'ata.

Ulimi ukamganda. Mashavu yakaingia ndani, meno yakawa kama yamepakwa chokaa. Toyoji akasahau mto, akamkodolea macho.

"Vipi?"

"Tamu," akasema Bi Fusae, kwa mdomo mdogo kama tundu la kifungo. Akaimaliza yote.

Yule mama mnene akanyoosha mkono. Bi Fusae akaupiga kofi, akaifunika sahani upesi. "Zangu!"

Wakaenda kituoni, Toyoji akiwafuata, bila mtu kukaripiwa. Hata aliyepita katikati ya kitalu cha vitunguu hakuambiwa neno. "Bibi amekasirika?" mgeni mmoja akanong'ona.

"Hata," akajibu Toyoji. "Angekasirika mngesikia."

Basi likaondoka. Wakabaki wawili, sahani kati yao. Toyoji akakohoa.

"Kwa hiyo... sina deni?"

Bi Fusae akasogeza ulimi huku na huku mpaka ukakubali kufanya kazi.

"Huna," akasema. "Ila zilizobaki kwenye kamba ziache, usiziguse mpaka nikwambie. Na mwakani, Toyoji, kaki humenywa kwa kisu. Shoka ni la kuni."