Mgonjwa wa Meza ya Dirishani

Jumanne nilikimbilia mgahawa mmoja hapa Tukuyu kukwepa mvua. Meza ya dirishani alikaa msafiri kutoka Dar na laptop yake. Aliagiza ndizi nyama, akaomba nywila ya waifai, kisha akatupa somo sote.

"Waifai ya bure ni hatari, jamani. Mimi nina programu maalumu. Hakuna anayeweza kuona ninachofanya."

Akaandika kwa kidole kimoja kama anayeua kunguni. Simu ikaita, akatoka barazani kuipokea. Laptop akaiacha wazi, imetugeukia kama televisheni ya kibanda umiza. Ilikuwa barua kwa bosi wake, kwa herufi kubwa mno: niko kitandani tangu juzi, homa kali, hata kusimama siwezi.

Huku kwetu mgonjwa hapitwi bila pole. Aliporudi, mzee wa meza ya pili alisimama, akavua kofia.

"Pole sana, mwanangu."

Mama mmoja akamgusa paji la uso. "Pole, baba. Homa imeshuka?"

Jamaa akaitazama laptop, akatutazama sisi. "Nani amenidukua?"

Mwenye mgahawa alikuwa anakuja na ndizi nyama zake. Akampita, akaziweka mbele yangu, kisha akamletea yeye kikombe cha uji.

"Nyama itakusumbua," alimwambia. "Na waifai nimezima, upumzike."

Wasafiri wenzangu, nunueni programu yoyote mtakayo. Ila mkiinuka mezani, funikeni laptop. Ile nyama ilikuwa laini sana.