Nimenyonya bomba la nguruwe

Marafiki, leo nimetia manyoya ya panya mdomoni. Msinicheke kwanza.

Saa saba, jua linachoma hapa Njiru, nguruwe wetu mwenye watoto anahema ulimi nje. Yale mabomba ya kumnyunyizia maji yanadondosha tu.

Nikafungua kichwa cha bomba, nikakinyonya nikatema, vile sisi wote huzibua.

Kitu laini kikanitelezea ulimini.

Kupanda juu ya tangi linaloleta maji kwenye mabomba, kifuniko kiko kando, panya anaelea, amevimba kama mandazi. Ptuu! Nimetapika mpaka chai ya asubuhi.

Mume wangu, Baba Mutua, akatoka nyumbani mbio. "Mama Mutua, ni mimba?"

"Mimba ya panya! Si uliosha tangi Jumamosi?"

"Niliosha."

"Ukafunika?"

Akaangalia kifuniko. Halafu, polepole: "Lakini hata mimi nilinyonya kichwa cha bomba asubuhi. Nilidhani ni majani."

Woi!

Tangi amelisugua mwenyewe. Vichwa vya mabomba nimevizibua kwa sindano, na nguruwe amelala kwenye manyunyu, anakoroma.

Nyinyi huwa mnazibua na nini?

Sasa hivi mtoto wetu Mutua amekimbia kumbusu babake. Nimemdaka hewani. Baba mtu asukutue na chumvi kwanza.