Wa Tatu Kutoka Ukutani

Wiki jana nilinunua taa ya usingizi. Usinicheke. Ni kitu kidogo cha plastiki, unakichomeka kwenye soketi kinatoa mwanga wa samawati, na yule kijana anayeviuza kando ya barabara hapa Gatina aliniapia kwamba mtoto akikitazama dakika tano tu, kwisha, amelala. Leo ni siku ya sita. Mwanangu ananitazama kwenye ule mwanga wake macho makavu kabisa, anataka kujua kama unaweza kugeuka mwekundu. Tokeni za stima zinaisha, usingizi hauji, na asubuhi mimi niko kazini nasinzia kama kuku wa kideri.

Basi juzi, kwa kuchoka tu, nikaizima ile taa, nikajilaza kando ya mwanangu, nikamwambia, "Haya, niambie unasikia nini." Nilishtuka mwenyewe. Zaidi ya miaka ishirini sikuwa nimelisikia hilo swali, sembuse kuliuliza. Ni swali la dani. Na lilipokwisha kunitoka mdomoni, rafiki yangu, nilirudi Gatwekera, mtaa wa mabanda nilikokulia, saa hiyo hiyo bila nauli.

Dani ni nyanya yangu, mamake mama. Waluo humwita nyanya hivyo, na kule kwetu kila mtu, Mluhya, Mkamba, hata fundi wa viatu aliyetoka Kisii, wote walimwita dani. Tuliishi mimi na yeye katika chumba kimoja cha udongo na mabati. Mama alikuwa ameandikwa kazi ya nyumba kwa matajiri wa Lavington, ile ya kulala huko huko, kwa hiyo tulimwona mwisho wa mwezi tu: anakuja Jumamosi jioni, Jumapili baada ya kanisa anaondoka. Habari za baba usiniulize, maana hata mimi sikuwahi kuuliza.

Dani alikuwa na magoti mabovu, hawezi kufua nguo za watu wala kubeba maji ya kuuza. Kazi yake ilikuwa kulaza watoto. Akina mama wa ploti yetu walirudi saa mbili, saa tatu usiku, wengine wametoka kufulia watu Kilimani, wengine wanauza mboga pale relini. Wakaona badala ya watoto kuzurura kwenye vichochoro wakiwangoja, afadhali wakae kwa dani, wawe wanachukuliwa wakiwa wamelala. Jua likizama unawaona wanakuja mmoja mmoja, na kila mtoto ana kitu mkononi: vipande viwili vya makaa, kikombe cha unga, au mafuta ya taa kidogo ndani ya chupa ya soda. Pesa hakutaka. Alisema pesa ina maneno mengi lakini makaa yanawaka tu.

Na alivyojua kubana matumizi yule mama! Jiko liliwashwa mara moja kwa siku. Sufuria ya sukuma ikitoka, inawekwa ya uji wa wimbi. Uji ukitoka, linawekwa lile debe la maji ya kuoga, na makaa yenyewe yamebaki cheche tu. Chai baada ya magharibi ilikuwa mwiko. "Sukari inaniisha na mtoto bado yuko macho ananiangalia," alikuwa akisema, "sasa nimefaidi nini?" Tulioga kwenye beseni moja kwa zamu, aliye safi anaanza, aliyekuwa anacheza mtaroni anamaliza. Siku maji yakiwa haba tuliosha miguu peke yake. Blanketi alilishona kwa masweta yaliyochoka kutoka soko la mitumba la Toi, yale ambayo hata kwa bure mtu hayataki, akayapasua na kuyaunganisha mpaka likawa zito kama mlango. Mikono ya masweta hakuitoa. Usiku unajikuta umevaa mkono mmoja wa kijani na hujui umeingiaje.

Tukishaoga, koroboi inazimwa papo hapo, maana mafuta ya kuangaliana sura hayakuwapo. Ndipo anauliza lile swali lake: "Haya, nani anasikia nini?" Sheria ilikuwa kwamba kila mtu ataje sauti moja, kwa kunong'ona, na asirudie ya mwenzake. Wa kwanza walipata raha: redio ya jirani, mbwa, mtoto anayelia mlango wa pili. Halafu inakuwa ngumu. Mmoja anasema adhana ya Makina, mwingine garimoshi. Siku moja mtoto mmoja akasema anasikia mvua, na nje kulikuwa kukavu. Dani akamwambia, "Hiyo si sauti, hiyo ni tamaa." Tukacheka chini ya masweta mpaka tukakatazwa. Lakini sauti za karibu zikiisha ilibidi utege sikio mbali, mbali kabisa, kimya, na huko ndiko usingizi ulikokuwa unakungoja. Sikumbuki mtoto aliyewahi kufika raundi ya tatu.

Godoro lilikuwa moja, nalo ni lile jembamba la inchi tatu. Tulilala kwa upana, sita tumepangwa kama mahindi kwenye jiko, miguu inatokeza nje kwenye gunia. Kila mtoto alikuwa na nafasi yake na haikubadilishwa, kwa sababu hiyo miguu ndiyo iliyokuwa kitambulisho chetu. Mama akija hapigi kelele, hawashi kiberiti, asiwaamshe wengine. Anaingia gizani, anapapasa kuanzia ukutani: miguu miwili, miguu minne, haya, huyu wangu. Anamvuta taratibu, anamtupa begani, na kwaheri ni kumgusa dani mkono.

Mimi nilikuwa wa mwisho, upande wa mlangoni, kwa sababu mimi sikuwa nachukuliwa.

Sitakuficha, jambo hilo liliniuma. Nilikuwa na miaka saba. Nilijilazimisha kukaa macho nikawasikia wenzangu wakiondoka mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akibebwa anatoa kile kimguno cha mtu anayejua yuko katika mikono salama. Godoro linabaki tupu, mimi peke yangu na baridi ya mlango. Rafiki yangu mkubwa alikuwa msichana wa mama chapati, yule aliyekaanga chapati njiani mpaka saa tatu. Alikuwa wa tatu kutoka ukutani. Mamake akiinama juu yetu nilisikia harufu ya mafuta na ngano ya moto, na nilimtamani yule mama jinsi mtoto anavyotamani peremende ya mwenzake, kwa uchoyo kabisa.

Basi usiku mmoja nikafanya. Wawili waliolala kati yetu walipokwisha kuchukuliwa, na wengine wamekolea, nikamsukuma rafiki yangu polepole mpaka akafika mlangoni pangu, nami nikajiingiza kwenye joto lake. Wa tatu kutoka ukutani. Mama chapati akaja, akahesabu miguu, akanivuta. Nilifumba macho mpaka yakauma. Kichwa changu kikatua begani pake, mkono wake ukanishika hapa mgongoni, na akaanza kutembea. Wee! Ningekufa usiku ule ningekufa nimeshiba. Nilitamani kwake kuwe Mombasa.

Kwake kulikuwa mlango wa tisa. Akanilaza, akawasha taa, na nikasikia, "Woi! Huyu si wangu!" Akanibeba tena, sasa si kwa upole, mbio hadi kwa dani. Kufika, mlango uko wazi, dani amesinzia, na nafasi ya mlangoni ni tupu. Mtoto wake alikuwa ameamshwa na baridi, akasikia kikohozi cha mamake kikienda zake, akatoka kumfuata.

Kama unaijua Gatwekera usiku, na ile mitaro, huhitaji kuambiwa tulivyokuwa. Wanawake walitoka na koroboi na tochi, kila mmoja anaita jina. Dani na magoti yake alitangulia, fimbo inapiga mabati, analia waziwazi kwa Kijaluo. Mimi nilisimama mlangoni nimeshikilia sketi yangu. Nilitaka kusema ni mimi, nikabaki nikiikunja ile sketi.

Alipatikana kwa muuza maji, amekaa juu ya mtungi, hana hata mchubuko. Muuza maji akasema alimkuta akipita pale peke yake akamuuliza anaenda wapi, na mtoto akamjibu, "Mama ameenda na mtoto mwingine." Mama chapati aliposikia hivyo alikaa chini kwenye matope na leso yake nzuri.

Siku nne zilizofuata walikuja watoto wawili tu. Jiko lilikaa baridi, tukala ugali kiporo na chumvi. Hakuna aliyemtukana dani. Walimsalimu vizuri na kupita, na hilo ndilo lililomuumiza. Hakunichapa. Siku ya nne akaniketisha kwenye kigoda.

"Wewe ulihamia pahali pake?"

"Ndio."

"Kwao kuna nini?"

"Nilitaka kubebwa."

Dani akainuka, akaenda mlango hadi mlango na mimi nyuma yake, akawaambia akina mama kosa lilikuwa lake, kwamba tangu sasa kila mtoto atafungwa kitambaa cha rangi yake mguuni, na koroboi itabaki inawaka kidogo mpaka wa mwisho achukuliwe. Mafuta yatakayoungua ni yake. Mimi hakunitaja. Kesho yake wakarudi wote, na mama chapati alikuwa wa kwanza.

Jioni hiyo, watoto wote walipokwisha kuondoka, dani alitoka nje akafunga mlango. Nikadhani ameenda chooni. Mara nasikia mlango unabishwa taratibu. "Hodi," anasema, kwa sauti ya mgeni. "Nimekuja kuchukua mtoto wangu." Akaingia, akainama, akapapasa miguu kana kwamba iko mingi, akaikuta yangu miwili. Akaniinua. Magoti yake yalilia, nami niliyasikia, na Mungu anisamehe sikujitolea kushuka. Akatoka nami nje, tukapita bafu, tukapita kwa muuza maji, tukazunguka ploti nzima huku ananong'ona, "Huyu mtoto anakula mawe au anakula uji?" Nilifumba macho nikajikaza nisicheke. Akarudi mlango ule ule, akaingia, akanilaza kitandani kwake upande wa ukutani. "Haya. Tumefika nyumbani."

Alifanya hivyo kila usiku, mvua ije isije. Alinipa sharti moja tu. "Mamako asijue kwamba hulali mpaka ubebwe. Akijua, Jumapili harudi kazini. Na asiporudi tutakula nini? Sauti?"

Mwisho wa mwezi mama akaja na mfuko wake: nusu kopo ya kakao na gauni ambalo mtoto wa tajiri wake alikuwa amelichoka. Lilinitosha kabisa, kwani tulilingana. Akavua viatu, akanyoosha miguu, akaanza kutusimulia huku akicheka kwa uchovu. "Yule mtoto atanimaliza. Halali mpaka nimbebe, nimzungushe sebuleni, tena nimzungushe. Nikimlaza tu, amefungua macho."

Nilikuwa nimevaa gauni la yule mtoto. Dani alikuwa anachambua mboga, na vidole vyake vikasimama.

"Na wewe?" mama akaniuliza. "Unalala vizuri?"

"Nalala vizuri, mama."

"Humsumbui dani?"

"Simsumbui."

Mama akafumba macho akasema asante Mungu, kwa sauti, kama mtu aliyetuliwa gunia. Jumapili akaenda kazini.

Siku hizi ukienda pale hutapata ploti yetu. Nilipita mwaka huu, nikasimama nikijaribu kukisia mlango ulikuwa wapi, kijana mmoja akaniuliza, "Niaje, siz, umepotea?" Dani tulimzika kwao, karibu na ziwa. Akina mama wengi wamehama, na watoto wa sasa wanangojea wazazi wao na simu usoni, kila mmoja nyumbani kwake, mlango umefungwa kwa kufuli. Hakuna anayemletea mwenzake makaa mawili. Namkosa dani, bwana. Namkosa hata alivyokuwa akitunyima chai.

Mama amezeeka, anaishi ushago, kule kijijini. Akija kunitembelea hapa Gatina na kuwakuta marafiki zangu wakilalamikia watoto wao, lazima anisifu. "Huyu hakunisumbua," anawaambia, ananigonga goti. "Mimi niko kwa watu, yeye huko nyuma analala tu, fofofo. Mungu alinionea huruma."

Ile kazi iliisha zamani, na aliyenikataza kusema hayupo. Hakuna kinachonizuia tena. Namtazama mama, mikono yake imekauka kwa sabuni za watu, uso umejaa furaha ya hilo jambo moja ambalo anaamini halikumshinda.

"Ndio, mama," namwambia. "Nililala vizuri."